Wiki moja ya gofu kwenye pwani ya Kenya, msimu wa kusi: Mombasa, Nyali, Vipingo, Malindi na Diani

Jumapili jioni, kisiwani Mombasa

Safari hii imepangwa kwa Agosti. Masika yamekwisha, nyasi bado ni kijani, na jua halichomi kama la Februari. Kusi ndiyo bei ya hayo yote: asubuhi na mapema hewa hutulia, lakini ikifika saa nne upepo umeshaamka na hautalala hadi jioni. Anayetaka hewa tulivu aje wakati wa tangambili, Machi au Novemba, akubali kutokwa jasho zaidi.

Mpangilio wa siku una sababu. Jumamosi katika kilabu za wanachama ni siku ya mashindano, mara nyingi yenye mdhamini, na mgeni hupewa nafasi iliyobaki, yaani jua la saa saba. Kwa hiyo kilabu za wanachama zimewekwa katikati ya wiki, Jumamosi ni ya barabara, na Jumapili ya mwisho ni ya uwanja wa hoteli, ambao umezoea wageni siku zote. Piga simu kila kilabu siku mbili kabla. Uliza maswali mawili: kuna mashindano? Na grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, zimetobolewa au kumwagiwa mchanga wiki hii? Jibu la pili likiwa ndiyo, badilisha siku ukiweza, kwa sababu mpira utarukaruka juu ya vitobo hata ukiupiga sawasawa.

Wengi hushuka kwa treni kutoka Nairobi, safari ya kama saa tano kwa ile isiyosimama njiani. Mkoba wa fimbo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, basi toa kisu kidogo kama unacho. Usipakie nguo za mvua kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Kituo cha Miritini kiko nje ya kisiwa, na magari mengi ya kukodi ni madogo. Mikoba miwili ya gofu na watu watatu haviingii. Agiza gari kubwa mapema.

Ukishafika, jioni hii ina kazi moja: kuandika upya umbali wa kila fimbo. Hapo ndipo wachezaji wa bara huanza kupotea pwani, kabla hata ya kuuona uwanja. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila futi 1,000 za mwinuko humwongezea mchezaji umbali wa karibu 1.16%. Kwa futi 5,500 za Nairobi hiyo ni zaidi kidogo ya 6%. Ukishuka pwani unairudisha yote. Fimbo namba 7 inayokwenda yadi 150 Nairobi itakwenda kama 141 Mombasa, na draiva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, ya yadi 250 itakuwa 235. Anayetoka Kampala apunguze kati ya 4% na 5%, wa Kigali kati ya 5% na 6%. Joto hurudisha yadi chache, zisizotosha kufidia.

Utasikia watu wakisema hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu. Si kweli. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unyevu peke yake ungeurefusha mpira kidogo sana. Kinachoufupisha ni kuwa chini, usawa wa bahari. Chukua kadi, andika namba za fimbo zako zote, zidisha kila moja kwa 0.94, bandika kadi hiyo kwenye mkoba. Usitegemee kukumbuka ukiwa umesimama juu ya mpira.

Jumatatu, Mombasa Golf Club

Kilabu hii ilianzishwa mwaka 1911 na ina mashimo 9, ambayo huchezwa mara mbili kukamilisha 18. Iko kwenye ukingo wa kusini wa kisiwa, kando ya Mama Ngina Drive, juu ya majabali ya matumbawe yanayotazama mlango wa Kilindini. Meli za makontena hupita karibu kiasi kwamba mtu aliyesimama kwenye tii, mahali pa kupigia pigo la kwanza la shimo, husahau zamu yake. Kwa urefu uwanja hautishi. Kwa mandhari hatuoni unaoushinda katika orodha hii, na mgeni anayeuruka kwa sababu ni wa mashimo 9 anajinyima.

Jua la Agosti huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu. Omba nafasi ya kwanza. Mzunguko wa kwanza utauchezea katika hewa iliyotulia na wa pili katika kusi, kwenye mashimo yaleyale, na hakuna darasa la upepo lililo bora kuliko hilo. Andika fimbo uliyotumia kwa kila shimo mara zote mbili.

Hesabu ya upepo ni hii. Upepo wa usoni wa kilomita 16 kwa saa huurefusha umbali unaopaswa kuupigia kwa kama 10%. Upepo uleule ukiwa mgongoni huupunguza kwa nusu tu ya hapo, kama 5%. Yaani kusi huchukua zaidi ya inavyotoa, na anayedhani mambo yatasawazishwa akigeuka atamaliza raundi akiwa na deni. Tuseme bendera iko yadi 150 na upepo wa kilomita 16 unakupiga usoni. Shimo linacheza kama yadi 165. Gawanya kwa 0.94 upate fimbo ya Nairobi: yadi 175. Aliyezoea namba 7 kwa yadi 150 anahitaji namba 5, pengine 4. Wachache huamini hesabu hiyo mara ya kwanza, na ndiyo maana mipira mingi ya wageni huanguka mbele ya grini na si nyuma yake.

Upepo wa ubavuni wa nguvu hiyohiyo husogeza mpira wa yadi 150 kama yadi 10. Kusi hutoka upande wa bahari na kuusukuma mpira kuelekea bara, kwa hiyo kwenye mashimo yanayofuata ukingo inabidi ulenge upande wa maji. Moyo hukataa. Wengi hulenga katikati, na kusi huwapeleka kwenye nyasi ndefu za upande wa pili.

Chini ya nyasi ni matumbawe. Wakati wa ukame mpira unaotua kwenye feawei, njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini, hudunda kama umeangukia saruji, kisha hukimbia. Lenga utue yadi 10 hadi 15 kabla ya grini na uache ardhi ifanye kazi. Mpira wa juu unaotua katikati ya grini ngumu utaishia nyuma.

Pembeni mwa feawei mawe huchomoza. Sheria hapa ina mpaka wake: jiwe lililolegea unaweza kuliondoa kabla ya kupiga bila adhabu, ila mpira usisogee, jiwe lililoshikamana na ardhi huligusi. Usijaribu ushujaa. Fimbo ikigonga jabali kwa kasi, mkono hupata mshtuko na uso wa chuma hupata kovu la kudumu. Tangaza mpira hauchezeki, ongeza pigo moja, na uudondoshe ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kukaribia shimo. Unaweza pia kurudi nyuma kwenye mstari wa bendera, au kurudia ulipopigia. Wenyeji wengi hubeba fimbo moja kuukuu, namba 7 au 8, kwa ajili ya sehemu za mawe. Ihesabu ndani ya 14 zinazoruhusiwa.

Ukimaliza, upande wa pili wa barabara kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu. Kwa mchezaji gofu hicho si kiburudisho tu. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayotoka na jasho. Chumvi ya mihogo hujaza pengo.

Jumanne, Nyali

Vuka daraja la Nyali mapema. Baada ya saa moja asubuhi foleni ya kuingia kisiwani ni ndefu, ingawa wewe unatoka na utateseka kidogo tu. Nyali Golf and Country Club ina mashimo 18 na iko kwenye Links Road, barabara ambayo hata jina lake limetokana na mchezo huu.

Wageni huudharau uwanja huu kwa sababu ni tambarare na bahari haionekani. Tunadhani wanakosea. Ndio unaompima mchezaji unyoofu kuliko yote ya kaskazini ya kisiwa: miti imesongamana pembeni mwa feawei, na anayepinda mpira hulipa papo hapo. Acha draiva kwenye mkoba katika mashimo yanayopinda. Fimbo ya kukuweka katikati ya feawei, hata ikikuacha yadi 30 nyuma, ina faida kuliko kutafuta upenyo kati ya mashina. Kumbuka muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, si tano. Ukiwa na shaka, piga mpira wa akiba kabla ya kuondoka kwenye tii, na useme wazi kwamba ni wa akiba.

Miti hiyo hudanganya kuhusu upepo. Kwenye tii, chini ya kivuli, hewa imekufa na bendera imelala. Juu ya vilele kusi inapita kwa nguvu zake zote, na mpira wa namba 8 hupanda juu ya vilele. Tazama makuti ya minazi mirefu, usitazame bendera wala majani unayorusha juu.

Nyali pia ni mahali pazuri pa kujifunza nyasi za pwani. Nyanda za juu zina nyasi za kikuyu, nene na ngumu, zinazouinua mpira kama uko juu ya brashi. Nyasi hizo hazistawi kwenye joto hili. Viwanja vya pwani vya ukanda wa joto hutegemea jamii ya bermuda, na palipo na maji yenye chumvi, paspalamu, inayostahimili chumvi kuliko nyingine nyingi. Mpira hukaa chini zaidi, karibu na udongo. Anayezoea kuuchota kutoka kwenye kikuyu atapiga ardhi kabla ya mpira. Usogeze mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, uzito uwe mguu wa mbele, piga mpira kwanza.

Kwenye grini, angalia uelekeo wa majani. Simama nyuma ya mpira utazame kuelekea shimo: nyasi zikimetameta, zimelalia upande unaokwenda na mpira utakimbia, zikiwa na rangi nzito, zinakukabili na mpira utasimama mapema. Ukibaki na shaka, chungulia mdomo wa shimo. Upande mmoja una ncha kali, safi, na mwingine umechakaa, una majani yaliyokauka. Nyasi zimelalia upande uliochakaa. Ukitaka kupiga mpira mfupi nje ya grini dhidi ya uelekeo wa majani, weji, fimbo ya kuinua mpira juu, itazama na kukwama. Tumia puta, fimbo ya kuviringisha mpira, hata ukiwa yadi tatu au nne nje. Hakuna atakayekucheka isipokuwa ambaye bado hajakwama.

Kuhusu kedi, mbeba fimbo wa kilabu: mchukue. Anajua upande ambao kila grini humwagikia, jambo ambalo macho ya mgeni hayaoni kwenye uwanja tambarare. Ada yake uliza ofisini kabla ya kutoka, si baada ya shimo la 18, na bakshishi ni kitu tofauti na ada. Mwulize pia kitu kimoja mwanzoni: alama za yadi 100, 150 na 200 zinapima hadi mbele ya grini au katikati? Tofauti ni fimbo nzima. Na kama ni mtu mzima kuliko wewe, mwite mzee; utasomewa grini vizuri zaidi.

Njoo na barua ya kilabu yako au uthibitisho wa handikapu, yaani mapigo ya nyongeza unayopewa kulingana na uwezo wako. Kilabu nyingi za Kenya zina makubaliano ya kupokeana wanachama, na ada ya mgeni hupungua sana. Shati liwe na kola na shati liingie ndani ya suruali. Kikoi kiache chumbani.

Jumatano na Alhamisi, Vipingo

Kilomita kama 35 kaskazini ya Mombasa, baada ya Mtwapa, kuna mgongo wa ardhi uliowahi kuwa mashamba ya mkonge. Hapo ndipo Vipingo Ridge ilipo, na uwanja wake wa Baobab, mashimo 18, pa 72, yaani mapigo 72 yanayotarajiwa kwa mchezaji bora. Aliyeusanifu ni David Jones wa Ireland Kaskazini, mshindi wa Kenya Open ya 1989, na inaonekana alikuja akijua upepo huu. Hapa ndipo mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalipoanza Desemba 2019. Mjerumani Esther Henseleit alishinda na kwa ushindi huo akachukua nafasi ya kwanza ya msimu mzima wa ziara ya Ulaya. Mwaka 2023 alishinda Aditi Ashok wa India, na 2024 Shannon Tan wa Singapore.

Kwa hali ya uwanja, hakuna wa kuukaribia pwani hii. Panga raundi mbili, moja Jumatano alasiri na nyingine Alhamisi alfajiri. Mgongo huu hauna kizuizi kati yake na bahari. Alasiri kusi inaupanda moja kwa moja, na asubuhi ni kama uwanja mwingine. Anayecheza mara moja tu huondoka na picha nusu.

Swali la kwanza ni tii ya kuanzia. Kuna za nyuma walizotumia wachezaji wa kulipwa, na fahari huwavuta watu huko. Kanuni nzuri: chukua umbali wa fimbo yako namba 5, uzidishe kwa 36. Namba 5 inayokwenda yadi 160 Nairobi ni 150 hapa, na 150 mara 36 ni yadi 5,400. Tafuta tii inayokaribia jumla hiyo kwenye kadi. Ukizidisha kwa namba za Nairobi utapata 5,760, yaani utajiongezea wastani wa yadi 20 kila shimo bila kujua umetoa wapi kiburi hicho.

Handikapu nayo hubadilika kwa uwanja. Faharasa yako, yaani namba ya handikapu unayotoka nayo nyumbani, mara slope ya tii uliyochagua (kipimo cha ugumu wake), gawanya kwa 113, kisha ongeza tofauti kati ya course rating (mapigo yanayokadiriwa kwa mchezaji hodari) na pa. Mwenye faharasa 18 kwenye tii ya slope 125 hupata 19.9 kabla ya hatua ya mwisho, yaani karibu mapigo 20. Namba zote mbili zimo kwenye kadi. Kwa upepo huu tunapendekeza kucheza kwa pointi za Stableford: shimo baya hukupa sifuri na unaendelea, badala ya kubeba tisa mgongoni siku nzima.

Kupiga dhidi ya upepo ni ufundi wa kujizuia. Ukipiga kwa nguvu zaidi mpira huzunguka zaidi, mzunguko huuinua, na kusi huushika huko juu na kuurudisha. Chukua fimbo mbili kubwa zaidi, shika mpini sentimita tatu chini, mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja, na ufanye robo tatu ya pigo lako, mikono ikiishia kifuani. Mpira hutoka chini na kufika. Inachukua mazoezi, kwa hiyo Jumatano tenga nusu saa kwenye eneo la mazoezi kabla ya raundi, na upige mipira hiyo tu.

Maji yapo. Mpira ukiingia ndani ya vigingi vyekundu, tafuta mahali ulipovuka mpaka mara ya mwisho, si ulipotumbukia. Kutoka hapo una urefu wa fimbo mbili na pigo moja la adhabu. Vigingi vya manjano havikupi fimbo hizo mbili: ni kurudi nyuma kwenye mstari au kurudia pigo. Makosa ya hapa hutokea kwenye upepo wa ubavuni, mpira ukiwa umepinda juu ya maji na kila mtu akikumbuka mahali tofauti. Mmoja wenu atazame mpaka, si mpira.

Umbali kati ya grini na tii inayofuata ni mkubwa. Chukua kigari. Maji nusu lita kwa saa ndiyo kiwango cha chini, na pakiti moja ya chumvi za kuongeza maji mwilini katika maji ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, ileile inayouzwa duka la dawa kwa wagonjwa wa kuhara, inafanya kazi kuliko vinywaji vya rangi. Mafuta ya kujikinga na jua yapake kwa mgongo wa mkono. Kiganja chenye mafuta na mpini wenye jasho havipatani. Glavu tatu zinazobadilishwa kila mashimo matatu, zikianikwa kwenye kigari, hudumu kuliko moja inayolowa hadi kuoza.

Mibuyu iliachwa palepale ilipokuwa. Usijaribu kupita katikati ya matawi eti mti ni hewa tupu. Shina la mbuyu hurudisha mpira nyuma, kwako.

Ijumaa, Malindi

Ondoka Vipingo Alhamisi mchana, vuka daraja la Kilifi, nunua korosho, lala Malindi. Sababu ya kulala huko ni swala ya Ijumaa. Kedi wengi ni Waislamu, na kuanzia saa sita wanataka kuwa njiani kwenda msikitini. Ukianza saa kumi na mbili na nusu kamili, raundi inakwisha kwa utulivu kabla ya saa tano. Ukianza saa tatu utamlazimisha mtu kuchagua kati yako na swala, na si adabu.

Uwanja wa Malindi ni mdogo, hauna mashimo 18 kamili. Baadhi ya grini huchezwa mara mbili kutoka tii tofauti. Bila kedi utapiga kuelekea grini isiyo yako, na atakayekujia ana haki ya kukasirika. Mchoro kwenye kadi usome kabla, na kabla ya kila pigo la tii hakikisha hakuna kundi linalovuka. Upepo uko wazi, nyasi ni kavu zaidi kuliko za Vipingo, na mpira unaokimbia chini una faida hapa kuliko popote. Fimbo namba 7 au 8 ya kusukuma mpira kutoka yadi 40 hupita weji yoyote.

Hatutasema ni uwanja wa kufuata kutoka Ulaya. Ni uwanja wa kucheza kwa sababu uko Malindi, una watu wachache na hauna haraka. Mji wenyewe, kwa Waitaliano wake, una kahawa nzuri kuliko miji mingi ya pwani.

Jumamosi, barabarani

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na hadi Diani ongeza 35 au zaidi kidogo. Kwenye ramani ni saa tatu na kitu. Kwa vitendo Mtwapa peke yake inaweza kula saa moja. Ondoka saa kumi na mbili. Kivuko cha Likoni huhitaji tena kukipanda: barabara ya Dongo Kundu hutoka upande wa Miritini, hupita madaraja juu ya maghuba, na kukutoa kwenye barabara ya Lunga Lunga kusini ya Likoni. Ni mzunguko kwa kilomita lakini muda wake unatabirika, na kivuko hakitabiriki.

Fimbo zisibaki kwenye gari lililofungwa juani mchana kutwa. Gundi inayoshika vichwa vya fimbo hulegea kwa joto kali, na kichwa cha draiva kinachoruka pamoja na mpira ni hatari kwa waliosimama pembeni.

Jumapili, Diani

Uwanja wa Leisure Lodge una mashimo 18, pa 72, upande wa bara wa barabara ya hoteli, ndani ya mabaki ya msitu wa pwani. Miti huvunja kusi, joto huongezeka, na shida hubadilika kutoka upepo kuwa mchanga na nyani.

Mabanka, yaani mitego ya mchanga, ni mengi. Tangu 2019 unaruhusiwa kuondoa vipande vya matumbawe na majani ndani ya banka, ila mpira ukisogea kwa kitendo hicho ni pigo moja na unarudishwa. Bado ni marufuku kugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, au kwa pigo la majaribio. Weji ya mchanga ya digrii 56 yenye tumbo pana (sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo), digrii 12 hadi 14, inafaa mchanga mkavu uliolegea: fungua uso, ingia sentimita tano nyuma ya mpira, usiache mkono usimame. Mvua nyepesi ya Agosti ikipita alfajiri, mchanga hufanya gamba juu. Tumbo lilelile sasa hudunda juu ya gamba na kuupiga mpira katikati, hadi upande wa pili wa grini. Chukua weji yenye tumbo jembamba, uso usifunguliwe sana. Pima kwa miguu unapoingia. Nyayo zikizama polepole, gamba lipo. Maji yakisimama ndani, unapata nafuu ya bure ndani ya banka hilo, au nje kwa pigo moja.

Kuhusu wanyama, watenganishe. Mbega weusi kwa weupe walio juu ya miti hula majani na hawana haja na wewe. Kima, tumbili na nyani ndio wezi. Ndizi na biskuti zikae ndani ya mfuko wenye zipu, kigari kisiachwe peke yake hata wakati wa kupiga kwa puta, na usimpe yeyote chakula. Mnyama aliyelishwa na mgeni wa leo humng'ata mgeni wa kesho. Akiuchukua mpira wako na mmeona, hakuna adhabu: weka mpira, huohuo au mwingine, pale ulipokadiriwa kuwa. Kama hakuna aliyeona, si nyani, ni mpira uliopotea.

Msituni usitie mkono kwenye shimo la mwamba au chini ya rundo la majani. Nyoka wapo, na bafe halikimbii hatua zako. Mpira ni wa bei nafuu. Jioni, kwenye mashimo ya mwisho, paka dawa ya mbu. Malaria ipo pwani yote.

Jumatatu, Ukunda

Ndege ndogo za uwanja wa Ukunda mara nyingi huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena kwenye begi laini. Mkoba wa gofu uliojaa hufikia kilo 12 hadi 15 peke yake, na ganda gumu la plastiki halikubaliki kwenye tumbo la ndege hizo. Lipia uzito wa ziada siku kadhaa mapema, au utume mkoba kwa barabara hadi Miritini. Mipira ni mizito kuliko watu wanavyodhani: dazeni moja ni zaidi ya nusu kilo. Wagawie kedi iliyobaki.

Kabla ya kufunga, osha. Chumvi ya pwani huingia kwenye mifereji ya uso wa fimbo na kwenye skrubu za draiva, na kutu huonekana wiki mbili baadaye, ukiwa nyumbani. Maji baridi yasiyo na chumvi, brashi ya meno, kisha kitambaa kikavu. Fimbo za chuma cha kufuliwa zisizo na kromu zipate tone la mafuta mepesi. Mipini ioshwe kwa sabuni na maji vuguvugu ili mafuta ya jua yatoke, ianikwe kivulini. Viatu vitolewe soli za ndani na kujazwa magazeti, vikauke usiku mzima.

Kadi yenye namba zilizozidishwa kwa 0.94 itoe kwenye mkoba kabla ya raundi ya kwanza Nairobi. Ukiisahau humo utapiga kila mpira nyuma ya grini.